Mbona Siwaonyeshi Kaa

Kila nikiposti chakula, hata kama ni uji tu, lazima atokee mtu kwa kamenti: "Bro, we si wa Dabaso? Kaa wako wapi?" Halafu mwingine anamdakia: "Huyu anatudanganya, huyu anaishi Pipeline." Sasa leo nimeamua nijibu mara moja, na kila atakayeuliza tena nitamtumia linki ya hii posti nikalale.

Ndiyo, naishi Dabaso. Kwa ambao hamjawahi kufika: ukitoka Mombasa kwenda Malindi unashukia Gede, unashika tuktuk ya barabara ya Watamu, na kabla hujaiona bahari uko kwetu. Upande wa nyuma kuna Mida Creek, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu ukazungukwa na mikoko. Na ndani ya mikoko hiyo ndo kuna ile restoranti ya mbao mnayoiona kwa picha za watu, Crab Shack, ya kikundi cha hapa hapa kijijini, Dabaso Creek Conservation Group. Unatembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, unafika mezani, unaagiza sambusa za kaa, unangoja jua lizame. Sambusa zenyewe tamu, siwezi kusema uongo. Mkija, nendeni, pesa yenu inabaki na watu wa hapa.

Lakini kuna chakula cha kwenda, na kuna chakula cha kurudi. Nikiwa nimechoka, nimekosa hela, nimegombana na mtu, au nimefurahi tu bila sababu, sijawahi hata siku moja kuwaza kaa. Kwetu kaa akishikwa, wa kwanza kufikiriwa ni mnunuzi. Rafiki yangu mmoja kazi yake ndiyo hiyo: maji yakitoka anaingia mikokoni na chuma chake chenye ndoano, anamtoa kaa shimoni, anamfunga magando kwa kamba, anaenda kumpimisha, anarudi na pesa. Jioni huyo huyo, mikono bado ina mikwaruzo, anakuja kukaa kwenye benchi la mama yangu anakula viazi karai. Siku moja nilimuuliza mbona hajipikii hata mmoja. Akaniangalia kama nimemwambia apike pikipiki. "Nikimla kaa mmoja nimekula unga wa nyumba nzima."

Kiswahili nacho kimecheza hapa. Kaa ni yule wa mikokoni, kaa ni lile la jikoni, na kaa ni keti. Mimi ni mtu wa hiyo ya tatu.

Sasa tuongee kuhusu karai. Mama anaanza kama saa kumi jioni. Viazi vimeshachemshwa na chumvi, vimeiva ila havijavunjika, na hapo ndipo wengi huharibu, manake kiazi kilichoiva kupita kiasi kikiingia kwenye mafuta kinakuwa supu. Kisha unga wa ngano, maji, chumvi, manjano kidogo, dania iliyokatwa. Uji wake usiwe mwepesi kama maziwa wala mzito kama wa chapati za maji. Mama anaupima kwa kuchovya kidole na kuangalia unavyodondoka. Anachovya, anatumbukiza, mafuta yanapiga kelele, na hiyo kelele ndiyo tangazo letu. Hatuna kibao. Watu wa Dabaso wanajua mama ameanza kwa kusikia na kunusa.

Halafu ukwaju. Wallahi mtu akikupa kiazi karai bila ukwaju huyo si mwenzako. Wa mama una pilipili mbichi, chumvi na sukari kiduchu, na anakumwagia juu mpaka ile ganda ya kiazi inalainika upande mmoja na kubaki kavu upande wa pili. Hicho kipande cha katikati, kinachokauka na kulowa kwa pamoja, ndicho sababu ya mimi kuamini mambo mengine maishani yanaweza kwenda sawa.

Kuna mmoja aliandika kwa video yangu kwamba hiki si chakula cha asili, ati ni takataka za mafuta, tuwarudie mababu. Haya, twende kwa mababu. Magofu ya Gede yako hapo jirani, hata tuktuk haihitajiki kama una miguu. Mwaka 2024 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yule Mwingereza, James Kirkman, alipoanza kuchimba pale mwaka 1948 alikuta vyombo vya kaure kutoka Uchina. Yaani mababu wa hapa walikuwa wanakula kwenye bakuli la Kichina mamia ya miaka kabla ya babu yake huyo mwandishi wa kamenti kuzaliwa. Kiazi chenyewe asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, na Kenya kililetwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Pilipili pia ni ya Amerika. Manjano na neno karai vimetoka upande wa India. Na ukwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya India, mti wake asili yake ni Afrika. Sahani ya shilingi 50 imezunguka dunia kuliko mimi ambaye sina hata pasipoti. Kama hiyo si Pwani, Pwani ni nini?

Mama hakuzaliwa mama karai. Alikuwa anafua shuka kwenye hoteli moja Watamu, na alikuwa anaijua kazi yake, anaweza kukutajia doa ni la divai au la embe kwa kuangalia tu. Tarehe 25 Machi 2020 serikali ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, hadi tarehe 1 Agosti. Nyie mliokuwa Nairobi mnakumbuka kafyu. Sisi tunakumbuka kimya. Watamu bila wageni ni kama harusi iliyokatiwa stima. Madereva wa tuktuk, wauza vinyago, wale vijana wa ufuoni wanaoongea Kitaliano kuliko Kiswahili, wote wakarudi nyumbani mchana, na mchana watu walikuwa hawajazoea kuonana.

Mama alikaa wiki mbili. Ya tatu akaazima karai kwa shangazi yangu, akanunua unga kilo mbili, akaanza na mahamri. Usiku anakanda na tui la nazi, iliki na hamira, anafunika na leso mpaka alfajiri. Hawe, mamake baba, akawa anakuna nazi kwenye mbuzi, manake mbaazi za nazi zinataka tui mara mbili, lile jepesi la kuchemshia na lile zito la kumalizia, na hawe hakubali mtu mwingine ashike ile kazi. Mahamri ya asubuhi yalikuwa ya kuuza. Viazi vya jioni vilianza kama chakula chetu sisi, halafu majirani wakaanza kupitapita kwa sababu zisizoeleweka. Mara mtu amekuja kuazima jembe saa kumi na mbili jioni. Jembe la nini usiku? Mama akaelewa, akaongeza viazi.

Benchi la kwanza baba alilipiga mwenyewe kwa mbao zilizobaki kazini. Yeye ni mwashi, si seremala, na lile benchi linakueleza hivyo ukilikalia.

Hapo ndipo kikao chetu kilipoanzia. Tuko sita, saba, inategemea. Yuko huyo wa kaa. Yuko binamu yangu wa boda. Yuko dada mmoja anayesuka nywele pale njia panda, anayekula kuliko sisi wote na hanenepi, tumeshakata tamaa naye. Yuko kijana anayewatembeza watalii kuangalia ndege, anayeweza kukwambia jina la kila ndege wa Mida lakini hajui jina la mchumba wa dadake. Tunachanga. Mwenye 20 anatoa 20, mwenye 100 anatoa 100, viazi vinakuja kwenye sahani moja kubwa. Na kuna sheria moja tu: asiye na kitu ndiye anayeshika sahani. Hakuna anayeuliza. Ukishika sahani inamaanisha leo mambo ni magumu, na pia inamaanisha wewe ndiye uko karibu na viazi kuliko wote. Nimewahi kuishika wiki nzima.

Sasa mnaelewa kwa nini bei ni jambo kubwa hapa. Mwaka 2022 mafuta ya kupikia yalipanda kama wazimu. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari, na Ukraine ndiyo ilikuwa ikiuza mafuta mengi zaidi ya alizeti duniani. Kisha Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese kutoka nje ya nchi, kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Mafuta yetu mengi ya dukani ni hayo hayo ya mawese. Mtu akipiga risasi Ulaya na mwingine akifunga bandari Asia, mama yangu Dabaso anasimama dukani na chupa yake ya kupimiwa mafuta, anahesabu. Ngano pia, nyingi tunaagiza nje. Wauzaji wengi wakapandisha bei, na ni haki yao. Mama alikataa kupandisha. Akapunguza kiazi. Kilichokuwa kinakatwa mara mbili kikakatwa mara tatu, na kwenye sahani idadi ikabaki ile ile. Binamu wa boda akasema viazi vimeenda kufanya mazoezi. Lakini hesabu ya mama ilikuwa nzuri kuliko ya waziri yeyote: angepandisha bei, mwenye 20 angeona haya kuja, na akiacha kuja mwenye 20, mwenye 100 naye atakula haraka aende zake.

Sisemi mafuta ni dawa. Hawe ana kisukari na daktari alimkataza hamri, na alipokatazwa alinuna kama mwezi. Sasa anakula mchunga wake, anauita mtsunga, ule mboga mchungu kama ukweli, na kipande cha tafi wa kuchoma. Lakini anakaa benchi lile lile jioni. Kazi yake ni kuchambua mbaazi za kesho na kutangaza nani amenenepa.

Mimi niliacha chuo 2023, mwaka wa pili. Chuo gani si muhimu, na sababu ni mbili, karo na kozi, na msinilazimishe kuchagua ipi ilikuwa kubwa. Nilirudi na begi moja na laptopu yenye kioo kilichopasuka. Kwetu nilikuwa wa kwanza kuingia chuo kikuu. Mama alikuwa amekaanga mahamri ya miaka miwili kwa ajili ya ile kitambulisho cha mwanafunzi. Mnaweza kujaza wenyewe nyumba ilikuwaje.

Baba hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Baba akikasirika anaongea, akiumia ananyamaza. Alinisalimia, akauliza gari lilichelewa wapi, basi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lakini kwetu usiku tunakula sinia moja. Ni wali au sima, mchuzi katikati, samaki juu, na mkubwa ndiye anayemvunja samaki na kugawa. Na kwa ile desturi huwezi kununa mbali: sinia ni duara, magoti yanagusana, mkono wako na wa baba yako inaingia chombo kimoja. Usiku wa nne hivi, baba alivunja tafi, akatoa ule mnofu wa mgongoni usio na mwiba, na bila kuniangalia akausukuma kwa kidole mpaka upande wangu wa sinia. Dada yangu mdogo aliona akataka kusema kitu, mama akamkanyaga mguu. Nikala. Baba akasema, "Ongeza ndimu."

Mazungumzo ya chuo yalikuja baadaye, marefu na magumu, mengine hayajaisha hadi leo. Lakini mwaliko wa kurudi nyumbani niliupata pale, na ulikuwa na ndimu. Nimejaribu mara nyingi kuwaza ingekuwaje kama kila mtu angepakua sahani yake akaenda kula chumbani na simu, kama nilivyokuwa nafanya hosteli. Nadhani tungekuwa bado tunaulizana gari lilichelewa wapi.

Ndio maana mtu akiniambia nifanye video ya "vyakula kumi bora Dabaso" nakosa nguvu. Nimefanya video za vyakula, ndizo zinanilipia bando. Mwaka jana hoteli moja ilinialika, wakaniwekea sinia ya kamba, ngisi na samaki mzima, nikaambiwa kula unavyotaka, posti mara mbili. Chakula kilikuwa kizuri na walinifanyia heshima. Nilikula peke yangu, taa tatu usoni, nikitafuna polepole ili mdomo usionekane vibaya. Kilichobaki nilikiomba kwenye mkebe, nikapanda boda, tukakila benchini kikiwa kimepoa, na hapo ndo nikajua ngisi alikuwa na kitunguu saumu.

Kiazi karai hakikubali kamera. Kina dakika tano za uhai tangu kitoke kwenye mafuta. Ukianza kutafuta mwanga, kuweka simu juu ya tofali, kumwambia mtu "hebu uma tena," kimeshalegea. Kwa hiyo simu zinakaa mfukoni mpaka sahani iishe, na mnachobaki kuona nyinyi ni sahani tupu yenye ukwaju chini. Zile video zangu za sahani tupu mnazozicheka, sasa mnajua.

Lakini kuna jambo limekuja mwezi huu, na nyumbani hatulali vizuri kwa sababu yake. Mtu mmoja anayepeleka wageni Watamu amesikia habari za karai ya mama. Anataka kuleta watu kumi na wawili mara mbili kwa wiki, jioni, wale "kama wenyeji". Yuko tayari kulipa kiazi kimoja bei ya sahani nzima. Nilipiga hesabu kwa simu nikairudia mara tatu. Dada yangu yuko kidato cha tatu, ana salio la karo. Paa la jikoni linavuja. Mimi nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alimkaribisha, akamkaangia, akamuuliza habari za nyumbani kwake. Alipoondoka akasema, "Wakikaa wao kumi na wawili, watu wangu watakaa wapi?"

Nikamwambia mama, watu wako wanaweza kusimama siku mbili kwa wiki. Akaniambia mtu aliyeshika sahani hawezi kuishika mbele ya wageni wanaompiga picha. Hapo sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na hesabu, na hesabu nayo ni kitu. Sikubaliani na wale mnaoongea kama pesa inachafua kila kitu. Mara nyingi mnaosema hivyo karo yenu ililipwa. Binamu wa boda yuko upande wangu, anaona abiria. Huyo wa kaa yuko upande wa mama, anasema yeye mchana kutwa anawahudumia wageni na jioni anataka kula bila kuelezea chochote. Dada wa nywele anasema waje, lakini wachange kama sisi. Baba ananyamaza, na ule si unyamavu wa kuumia. Anapima.

Jana usiku, kwenye sinia, mama ametoa uamuzi wa kwanza. Waje wanne, si kumi na wawili. Jumatano tu. Bei ni ile ile ya kila mtu, na hakuna kupiga picha mpaka wamalize kula. Mimi nilitaka angalau watoe 50 kwa kiazi, na leo asubuhi nimemrudia tena kwa hiyo 50, akanipa unga nikande. Baba ameanza kupiga benchi la pili. Amelipima, amelisimamisha, na mguu mmoja umetoka mfupi, kwa hiyo sasa hivi naandika hii nikiwa nimelikalia, chini kuna kipande cha tofali, na hawe ananiuliza kama naandika kuhusu unene wake.